Mzee wa Miteja akapange Mbagala? Mimi nasema hapana

Wadau, leo naomba tuongee jambo ambalo vijana wengi wa mjini tunalikwepa mpaka simu inapolia usiku wa manane. Wazazi wetu wanazeeka, wao wako kijijini na sisi tuko Dar. Watakaa wapi?

Nawasemea zaidi watu wa kwetu, ule ukanda wa Somanga, Miteja, Njianne mpaka Nangurukuru. Fika Mbagala Rangi Tatu siku yoyote utawakuta watoto wa huko: wauza duka, makondakta, walimu, wahasibu wa maofisini. Mmoja wao akishapata kazi ya maana, kikao cha ukoo kinaitishwa na ajenda ni moja tu: "Mzee aje mjini." Wanachanga nauli, wanatafuta chumba, wanampakia kwenye basi na mkeka wake. Katika kikao hicho wote wanaongea isipokuwa mzee mwenyewe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, msije mkasema nimewazungusha. Mzee ambaye bado anatembea na anajihudumia mwenyewe asihamishiwe Dar. Pesa ile ile imtafutie makazi mazuri hukohuko Kilwa, karibu na watu na karibu na tiba. Sasa nijieleze.

Tuanze na hesabu, maana mapenzi bila hesabu huishia kwenye ugomvi wa mashemeji. Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka mzima. Dalali naye anadai chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Ukimaliza hapo kuna umeme, maji ya kununua kwa ndoo siku ambazo bomba halitoi, na nauli ya kila safari ya hospitali. Chakula ambacho kijijini mzee alikitoa shambani, yaani muhogo, kunde, nazi na mchicha, mjini kila kitu ni noti. Mzee aliyekuwa anajilisha anageuka tegemezi wa asilimia mia moja siku anaposhuka kwenye basi. Halafu baada ya mwaka tunaanza kunong'ona kwamba "mzee ana gharama". Nani kamfanya awe na gharama?

Halafu kuna jambo ambalo hesabu haiwezi kulionyesha. Siku hizi tunapenda sana chumba masta, nyumba yenye ukuta, geti na vigae. Kwa kijana anayetoka asubuhi na kurudi usiku, sawa. Kwa mzee wa miaka 75 ile ni rumande. Watoto wako kazini, wajukuu wako shule, geti limefungwa, televisheni inaongea peke yake. Vigae vikilowa vinateleza, na mzee akianguka na kuvunjika nyonga, hapo mmeanza safari ndefu. Ghorofani ndiyo usiseme: akishapanda ngazi mara moja asubuhi hashuki tena mpaka kesho. Hana wa kucheza naye bao, hana wa kumwambia "jana umekohoa sana, vipi?"

Tazama sasa ile nyumba ya Kiswahili ambayo sisi wasomi tunaicheka. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani pa pamoja, baraza mbele. Kwa macho ya mzee ile nyumba ina akili sana. Haina ngazi. Asiposikika ukumbini mpaka saa mbili asubuhi, jirani atagonga mlango. Barazani anapata salamu za watu wengi kabla ya adhuhuri. Wazungu wanalipa pesa nyingi kujenga majengo ya wazee yenye sebule ya pamoja na mtu wa kuwajulia hali. Sisi baraza tulikuwa nalo, tunalibomoa ili tuweke fremu ya duka.

Na tusidanganyane kwamba huko kwa wenzetu kila mtu anamtupa mzazi wake. Marekani tangu 1959 wana mpango wa serikali unaosaidia kujenga nyumba za kupanga za wazee wenye kipato kidogo, ambako mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake. Huo ni utaratibu wa kumheshimu mtu: analipa kodi yake mwenyewe, ana ufunguo wake, haombi.

Hapa kwetu tuna nini? Tanzania Bara tuna makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge pale Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza na Fungafunga Morogoro. Yale yamewekwa kwa wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Yanafanya kazi kubwa, lakini mzee wa Miteja mwenye watoto wanne na minazi yake hayamhusu, na wala asitamani yamhusu. Zanzibar walikwenda mbali kidogo. Wana nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na Aprili 2016 walianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Baadaye wakaipandisha hadi 50,000. Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Sisi Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Sera nzuri, imeandikwa vizuri. Lakini mvuvi wa Somanga hawezi kulipia chumba kwa sera.

Kwa hiyo mzigo unarudi kwetu sisi watoto, na ndiyo maana nasema tujifunze kuchagua. Kwa mzee wa Miteja naona njia tatu. Ya kwanza, abaki kijijini na nyumba yake irekebishwe. Ya pili, apangishiwe chumba kwenye miji midogo ya hukohuko, Nangurukuru, Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko. Ya tatu ndiyo Dar. Kabla hamjaamua, jiulizeni mambo haya.

1. Nani atamwona kila siku? Hili liwe la kwanza, kabla hata ya bei. Kama jibu ni "dada wa kazi", fikirieni upya. Jirani wa miaka 30 hapatikani kwa dalali.

2. Choo kiko wapi? Najua mtacheka. Mzee akitoka usiku na tochi kwenda choo cha shimo cha kuchuchumaa, magoti yanakataa, na anguko la kwanza mara nyingi hutokea hapo. Choo cha kukaa, kishikio ukutani, sakafu ya saruji isiyoteleza na taa. Bei ya hivyo vyote haifiki kodi ya miezi sita ya chumba cha Dar.

3. Tiba iko umbali gani, na njia inapitika masika? Hospitali ya wilaya ya Kilwa, ile ya Kinyonga, iko Kilwa Kivinje. Mzee mwenye presha au sukari anayehitaji kliniki kila mwezi anaweza kukaa Kivinje au Nangurukuru akaifikia bila kusumbuka. Kumbukeni Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama. Mgonjwa ambaye matumaini yake yote ni "tutamkimbiza Muhimbili" siku hiyo angefanyaje? Hospitali ya jirani yenye dawa ni bora kuliko hospitali kubwa ya ng'ambo ya daraja lililovunjika.

4. Kodi ikishindikana mwezi mmoja, nini kitatokea? Chagueni kodi ambayo hata mmoja wenu akifukuzwa kazi mzee hatolewi vyombo nje. Na mkataba uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni mtani wenu.

5. Shamba lake linabaki na nani? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye kidonda. Mikorosho haikai peke yake. Mzee akishaondoka, shamba linaingia msitu, mpaka unasogea, na mwaka wa pili anatokea mtu na bei ya kutupa. Kijana aliyebanwa na kodi ya Dar anamshauri mzee auze. Mzee anauza, pesa inakwisha kwa mwenye nyumba wa Mbagala, na ukoo mzima umebaki hauna pa kuzikana. Ardhi ya kando ya barabara ya lami si ya kuchezea.

6. Mama je? Baba akitangulia, mama anageuka kifurushi: mwezi huu kwa mtoto wa kwanza Temeke, mwezi ujao kwa wa pili Chanika. Nguo zake hazitoki kwenye mfuko. Kama kuna mtu anahitaji chumba chenye ufunguo wake mwenyewe, ni huyu.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Wewe unaongea tu, zahanati za vijijini hazina dawa." Ni kweli. Matibabu bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo yako kwenye sera, lakini mara nyingi mzee anaandikiwa cheti kisha anaambiwa dawa akanunue duka la jirani. Watasema pia kuna wagonjwa ambao lazima wawe Dar: wa saratani Ocean Road, wa kusafishwa figo, wa kupooza anayehitaji kugeuzwa kitandani na mwanawe. Hao sibishani nao hata dakika moja, waleteni haraka. Ninachopinga ni kumhamisha mzee mzima wa afya kwa sababu sisi tunaona aibu kuulizwa kwa nini mzazi wetu yuko "bush". Aibu yetu isimkoseshe mzee usingizi.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya migongo yetu. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi kama milioni 2.5 nchini, asilimia 5.6 ya watu wote, na wengi waliishi kwa kulima na kuvua. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee kama mzee hayumo. Siombi apewe mkopo wa kufuga kuku. Naomba halmashauri kama ya Kilwa ijenge vyumba vichache karibu na kituo cha afya, mtindo wa nyumba ya Kiswahili, baraza mbele na uani nyuma, choo cha kukaa, kodi ndogo inayoendana na kipato. Vyumba sita tu kwa kuanzia. Na Bara tuige pensheni ya Zanzibar, hata kama tutaanza na wenye miaka 80. Mzee mwenye elfu hamsini yake mkononi ana sauti kwenye kile kikao cha ukoo nilichokisema.

Mpaka hapo patakapofika, kazi ni yetu. Likizo ijayo, badala ya kwenda kijijini na soda na mikate peke yake, nendeni na fundi. Mpime upana wa mlango wa choo, mwangalie paa, mwulize kodi za Nangurukuru na Kivinje. Kisha kaeni chini na mzee, mmwulize swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Mzee, wewe unataka kukaa wapi, na jirani na nani?" Akisema Dar, haya, mleteni. Akisema hapa hapa Miteja, basi ile kodi ya miezi sita mliyokuwa mmpe dalali, nunueni saruji.

Naomba kutoa hoja.