Motokaa Isiyoficha Kitu

Msomaji mmoja wa Kapsabet ameniandikia akiuliza kama ni kweli kwamba mimi, karani wa Serikali mwenye mke na watoto, huonekana siku za Jumamosi kati ya Eldoret na Iten nikiendesha kitu kisicho na milango wala paa, mfano wa beseni lenye magurudumu. Tena auliza kama jambo hilo si fedheha. Kwa kuwa yeye ameuliza kwa adabu, na wengine huuliza nyuma ya mgongo wangu bila adabu, leo nitamjibu mbele ya wote.

Naam, ni kweli. Kitu hicho ni motokaa ndogo ya mbio, ya watu wawili, nami niliiunda kwa mikono yangu pamoja na shemeji yangu.

Asili ya motokaa za namna hii ni Uingereza. Mwaka 1957 Bwana Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus, alitoa motokaa iliyoitwa Seven. Siku zile aliyenunua motokaa nzima alitozwa kodi kubwa ya ununuzi, bali sehemu zilizouzwa mbali mbali hazikutozwa kodi hiyo. Basi watu walinunua sehemu na kuziunga wenyewe nyumbani. Kodi ile iliondolewa mwaka 1973 na nyingine ikawekwa mahali pake, na mwaka ule ule kampuni ya Caterham ilitwaa haki ya kuiunda Seven, nayo yaiunda hata leo. Kisha mwaka 1996 Mwingereza mwingine, Ron Champion, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kipato kidogo jinsi ya kuunda motokaa ya umbo hilo kwa vyuma vya mraba na sehemu za motokaa kuukuu.

Njia hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoifuata sisi. Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma katika jua kali hapa Eldoret. Tulinunua Toyota DX iliyokwisha kuliwa na kutu, katika zile zilizojaa barabarani kwetu zamani, ambayo injini yake iko mbele nayo yasukuma magurudumu ya nyuma. Mwili wake tuliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Tukabaki na injini isiyofika lita moja na nusu, sanduku la gia, ekseli ya nyuma na breki. Tukaunda kiunzi kipya, tukakivika mabati ya alumini. Kazi ilitwaa Jumamosi za miaka miwili, kisha motokaa ikakaguliwa na kusajiliwa kama sheria itakavyo.

Baba yangu alipoiona mara ya kwanza aliizunguka mara mbili, mikono nyuma. Kisha akasema, "Mwanangu, kazi mbi si mchezo mwema. Kwa fedha hizi ungalipata ng'ombe wa maziwa." Sikuwa na jawabu, maana mambo ya ng'ombe Baba ayajua kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimejifunza neno moja ambalo shule haikunifundisha. Sisi tuliosoma kwa wamisheni tulipewa jembe au nyundo tulipokosa, hata tukaingiwa na fikira kwamba kazi ya mikono ni adhabu. Miaka hiyo miwili shemeji alikata mara nne vyuma nilivyochomelea, akanirudishia, akasema tu, "Shemeji, rudia." Hakuna mkuu wa ofisi aliyepata kunisahihisha kwa maneno machache kama hayo.

Sasa niseme juu ya furaha yake. Eldoret, mji uliofanywa jiji mwaka 2024, uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyembamba, na injini isiyo na mtambo wa kuisukumia hewa hupoteza yapata sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ndiyo sababu motokaa nzito zenye injini ndogo hutweta mlimani. Motokaa yetu haifiki kilo 650, nayo saluni ya kawaida hupita kilo 1,000. Nguvu ni zile zile chache, lakini mzigo ni mdogo, hivyo hupanda kwa moyo mkunjufu. Watu wa Iten hawahitaji kuelezwa habari hii. Kila alfajiri wakimbiaji wao hupita kando ya barabara, na hakuna hata mmoja aliyebeba kilo asiyoihitaji.

Tena motokaa hii haikufichi kitu. Usukani hauna mtambo wa kuusaidia, hivyo kila jiwe la barabara hulisikia katika kiganja. Umekaa chini hata waweza kunyosha mkono na kugusa lami. Huko Moiben wakivuna ngano wapata harufu ya mabua, na mvua ikinyesha ng'ambo ya shamba waisikia harufu yake kabla haijakufikia. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa waonekana kama 120. Nalo ni jambo jema kuliko yote, kwa maana mtu apata raha yote ya kwenda mbio naye bado yu ndani ya sheria.

Hata hivyo, nisimdanganye msomaji wangu wa Kapsabet. Vituko vyake ni vingi. Kwanza, nafasi ya miguu ni finyu, na kwa viatu vyangu vya ofisini nilikanyaga breki na petroli kwa pamoja. Sasa nina viatu vyembamba vya raba kwa kazi hiyo tu. Pili, matuta ya barabarani. Motokaa imekaa chini mno, hata tuta huna budi kulikabili kwa mshazari, pole pole, huku wenye matatu nyuma yako wakipiga honi na kutoa ushauri. Tatu, dereva wa lori hakuoni. Kwa hiyo nimesimamisha nyuma fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu, na watoto wa Iten hudhani ni bendera ya mtu mkubwa, wakanipigia saluti. Nne, mvua. Hapana la kufanya juu ya mvua ila kulowa.

Tano ni kabureta, nayo yataka maelezo. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa. Kwa kuwa huku juu hewa ni chache, hapana budi petroli nayo ipunguzwe. Lakini ukiteremka Bonde la Kerio, ambalo liko chini ya Iten kwa zaidi ya mita elfu moja, hewa yaongezeka na petroli yabaki kidogo vile vile. Injini huanza kugonga na kupata moto kupita kiasi. Na maji nayo, yakiwa wazi katika miinuko yetu, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichobana sawasawa chaweza kukuacha njiani. Mwenye motokaa mpya hana haja ya kujua hayo yote, maana mitambo yamjulia. Mimi sina wa kunijulia.

Ndipo nifikie jambo ambalo nimesita kuliandika. Siku moja mke wangu, aliyekuwa amekataa muda mrefu kupanda, alikubali twende tukatazame bonde. Juma lililotangulia nilikuwa nimebadili bomba la moshi peke yangu, jioni, kwa haraka, bila kumngoja shemeji. Ili lipate nafasi, nilisogeza bomba jembamba lipelekalo mafuta ya breki za mbele, nikalifunga karibu na lile la moshi. Niliona ni karibu. Nikajiambia kwamba yatosha.

Tulipita Iten, tukaanza kuteremka kuelekea Tambach, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili hewa tupu. Niliendelea kukanyaga breki. Mafuta ndani ya lile bomba yakapata moto wa moshi pamoja na moto wa breki zenyewe, yakachemka, yakawa mvuke. Na mvuke hausukumi breki. Pedali ikazama karibu na sakafu. Zilibaki breki za nyuma tu, nazo ni hafifu.

Sikupaza sauti. Nilirudisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na kwenye nafasi ya upande wa mwamba nikaiegemeza motokaa katika udongo mpaka ikasimama. Wepesi wake ndio uliotuokoa, kwa maana injini iliweza kuuzuia mzigo ule. Ningalikuwa na motokaa ya tani mbili, nadhani safu hii ingaliandikwa na mtu mwingine.

Mke wangu alishuka, akakaa juu ya jiwe. Baada ya kitambo akauliza, "Nani aliyelifunga bomba hili?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Basi utalifungua wewe," akasema, akasimamisha matatu iliyokuwa ikipanda, akarudi nyumbani.

Nilikaa pale saa mbili nikingoja vyuma vipoe na shemeji aje. Katika muda huo nilifikiri juu ya kazi yangu. Ofisini hutia sahihi karatasi nyingi kwa siku. Nikikosea, karani mwenzangu ataliona kosa, au barua itarudi, na jina langu halitatajwa. Hati moja niliyoipitisha kwa kujiambia "yatosha" yaweza kumchelewesha mama mmoja hati yake ya shamba mwaka mzima, nami nisimwone uso. Bali kosa la Tambach lilinitazama machoni, na aliyekaa kando yangu alikuwa mama wa watoto wangu.

Hii ndiyo faida ninayoiona katika motokaa ya kujiundia, zaidi ya upepo na harufu ya ngano. Hukuchukua kwa neno lako. Ulichokifunga vizuri hukupa, na ulichokifunga vibaya hukurudishia. Waendeshaji wakubwa walilijua hilo. Marehemu Joginder Singh, aliyeshinda mashindano ya Safari mwaka 1965, na tena 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa maarufu, na Volvo aliyoshinda nayo ile mara ya kwanza, yeye na ndugu yake Jaswant, ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Wenye motokaa mpya waliachwa nyuma na mtu aliyeijua yake kwa spana.

Tulilisogeza lile bomba likapita mahali pake pa kwanza, tukaweka bati la kulikinga na moto, tukabadili mafuta yote ya breki. Tangu siku hiyo nina daftari. Kila nilichokigusa nakiandika, na shemeji hukitazama kabla motokaa haijatoka uani. Naye akigusa, mimi hutazama. Hapana kazi inayopita kwa macho ya mtu mmoja. Daftari la namna hiyo hiyo nimelianzisha mezani kwangu ofisini, na wenzangu walicheka kwa juma moja tu.

Ilipita miezi mitatu ndipo mke wangu akaomba kuliona daftari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akavaa koti. Tulikwenda mpaka ukingo wa bonde pale Iten, hatukuteremka.

Kwa hiyo, bwana wa Kapsabet, si fedheha. Baba naye alipopata habari ya Tambach hakunikumbusha ng'ombe. Alisema tu, "Sasa umefanya kazi." Nawe ukipenda kuunda ya kwako, anza na breki, mtafute fundi asiyeogopa kukuambia "rudia," wala usifunge kitu jioni kwa haraka. Na ukiona Jumamosi kitambaa chekundu kikipepea nyuma ya lori barabara ya Iten, tafadhali punguza mwendo, kwa maana chini yake pana watu wawili.