Semina Imekwisha, Korosho Bado Zavunjika

Katika mtaa mmoja wa mjini Masasi yuko mama ambaye hubangua korosho katika karakana ambayo jina lake nalihifadhi. Aliitwa semina ya siku tatu. Akarudi na daftari jipya, kalamu, na sura ya mtu aliyeheshimiwa. Juma lililofuata ujira wake ukapungua. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu, “Mwanangu, wanangu hawali daftari.”

Kisa chenyewe ni hiki. Siku zote alizoea kugonga korosho kwa kirungu cha mti, moja moja. Semina ilikuwa ya kumfundisha mashine ya kukatia, ile yenye visu viwili, mpini wa mkono na pedeli ya mguu. Lakini kwa siku tatu wanasemina walikaa mabenchini wakitazama picha ubaoni. Mashine ilikuwa chumba cha pili, imefunikwa turubai. Hakuna hata mmoja aliyeikanyaga pedeli.

Anayeijua kazi hii ataona kosa mara moja. Korosho ghafi hutiwa mvuke au hukaangwa ili ganda likauke na kuwa jepesi kupasuka, kisha hupozwa na kupangwa kwa ukubwa. Visu vilivyowekwa kwa korosho kubwa huziacha ndogo bila kukatika. Vilivyowekwa kwa ndogo hukijeruhi kiini cha kubwa. Kipimo hicho hakikai ubaoni, hukaa katika nyayo na viganja. Na ganda lina mafuta makali yanayochubua ngozi, hata mbanguaji asiyepakaa mafuta ya kumkinga au kuvaa glavu huondoka na vidole vyeusi vilivyobabuka. Kiini kizima kina bei. Kikivunjika, bei huanguka. Kwa hiyo kosa la mguu ni fedha iliyopotea, ya karakana na ya mama huyu pia.

Sasa liko jambo ambalo waandaaji wa semina aghalabu hawalipigii hesabu. Mama huyu hulipwa kwa kilo. Mtu yeyote anayejifunza njia mpya hapana budi awe mzito siku za kwanza, hata kama njia hiyo itamfanya mwepesi baadaye. Anayepokea mshahara wa mwezi aweza kuuvumilia uzito huo. Wa kilo hawezi. Siku ya tatu alikirudia kirungu chake, na msimamizi akaandika kwamba wafanyakazi ni wagumu wa kuelewa. Mimi nasema ugumu ulikuwa katika daftari la malipo. Karakana ikitaka mashine ijulikane, na imlipe mwanafunzi wastani wa kilo zake za zamani kwa majuma mawili hivi, mpaka mguu uzoee.

Wazee wetu wa huku, Wamakua, Wayao na Wamakonde, hawakuwa wageni wa mambo ya kufundisha. Mwari wa unyago hakuachwa na maneno matupu. Alikuwa na somo wake, akaimbishwa, akachezeshwa, akarudishwa alipokosea. Kijana wa Newala aliyetaka kuchonga mpingo aliketi ubavuni mwa fundi, akianza na kusugua vinyago vya mwenziwe kabla hajakabidhiwa gogo lake.

Na taifa nalo liliwahi kulifahamu jambo hili. Mwaka 1973 Waraka wa Waziri Mkuu Namba 1 uliagiza mahali pa kazi pawe na elimu ya wafanyakazi. Mwaka huohuo kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa majuma 12. Nguvu yake haikuwa redio peke yake. Kikundi kilisikiliza, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikatoka nje kuchimba choo. Somo lilionekana kwa jembe.

Nisije nikaambiwa kwamba mafunzo bora yangaliviokoa viwanda vikubwa vya korosho vilivyojengwa kusini kwa mashine za Italia na Japani. La. Mavuno yaliyopita tani 140,000 msimu wa 1973/74 yalishuka chini ya 20,000 msimu wa 1986/87, na hakuna fundi awezaye kubangua korosho isiyokuwapo. Lakini zikiwapo, ni huzuni kuzivunja kwa sababu ya turubai.

Nyumbani nako pana sehemu yake. Mama anayejifunza kazi mpya hurudi mabega yakimwuma. Mume akichota maji na kuinjika chungu jioni hizo chache, hapunguzi ubaba wake.

Juzi nilipita tena kwa jirani yetu. Mbanguaji mwenzake, aliyeijua mashine zamani, anamkalisha kando yake nusu saa kabla ya kazi. Humpa korosho za ukubwa mmoja tu, na hamkemei zikivunjika. Huvihesabu vipande pamoja naye, kisha humwonyesha tena mguu ulipokanyaga kwa haraka. Nusu saa hiyo hakuna anayewalipa. Nilikuta vipande kumi na viwili mezani. Jana yake, alisema, vilikuwa ishirini.