Abdus Salam na Lawama kwa Wasomi Wanaohama

Kila inapozuka habari ya wasomi wetu waliohamia nje, husikika lawama ile ile: wamelikimbia taifa lililowasomesha. Mimi, nikiwa mhadhiri, nimeisikia mara nyingi, na kila nikiisikia humkumbuka Abdus Salam, mwanafizikia wa nadharia kutoka Pakistani.

Salam alizaliwa mwaka 1926, akakulia Jhang, katika jimbo la Punjab. Baada ya masomo ya juu Cambridge, alirudi nyumbani mwaka 1951 kufundisha Lahore. Alichokikuta ni upweke. Hapakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye utafiti, na chuo kikamkabidhi usimamizi wa klabu ya kandanda. Mwaka 1954 akarejea Cambridge.

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya nadharia haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi. Wanakosea. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wazo lisilopata wa kulipinga hunyauka. Mwaka 1979 Salam alipata Tuzo ya Nobeli, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa nadharia inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya nyuklia. Angebaki Lahore peke yake, sidhani kama angeifikia.

Hata hivyo, hakuwasahau waliobaki. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ili mwanasayansi wa nchi maskini aende huko kwa muda, akutane na wenzake, kisha arudi kwao. Wanasayansi wengi wa Afrika wamepita hapo. Salam alitaka mtu asilazimike kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake.

Nchi yake ilimlipaje? Mwaka 1974 ilitangaza katika katiba kwamba Waahmadiyya, jumuiya yake ya kidini, si Waislamu. Alipofariki mwaka 1996 alirudishwa kuzikwa Pakistani. Baadaye neno "Mwislamu" likafutwa kwenye jiwe la kaburi lake.

Sisemi kwamba kila anayehama ana udhuru. Nasema tu kwamba, kabla ya kumwuliza aliyeondoka kwa nini harudi, tujiulize aliyerudi tulimpokeaje.