Kaburi la Pinto Halina Mlinzi

Nikiwa chuoni, kabla karo haijanishinda, nilisomeshwa historia ya Kenya muhula mzima na jina la Pio Gama Pinto sikulisikia hata mara moja. Nililipata baadaye, mtaani, kwenye kitabu cha mitumba kisicho na jalada. Kwa hivyo mwaka huu, tarehe 24 Februari, niliamua kwenda kumwona.

Nilianzia katikati ya mji, kwa Dedan Kimathi. Sanamu yake ya shaba ilisimamishwa 2007, na watu hukutana hapo: "Niko kwa Kimathi, uko wapi?" Lakini Kimathi mwenyewe hayuko hapo. Wakoloni walimnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957 wakamfukia mlemle gerezani, na mpaka leo familia haijapewa mwili wa kuzika. Tembea kidogo ufike Bunge. Hapo kando Jomo Kenyatta amelala katika kaburi la fahari, wanajeshi wakimlinda. Jaribu kuingia siku ya kawaida na raba zako na begi mgongoni, utaniambia.

Nikapanda matatu ya Parklands, nikashuka Aga Khan, nikaingia City Park. Kima utawapata bila kuuliza. Wao ndio watakaokutafuta. Kuhusu Pinto niliuliza watu watatu. Wa tatu alikuwa mama wa njugu.

"Pinto? Ni mzungu?"

"Hapana, mama. Mgoa. Mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, 1927."

"Na alifanya nini?"

Swali zuri, manze. Alipigania uhuru, wakoloni wakamweka kizuizini kuanzia 1954 hadi 1959. Uhuru ulipokuja akawa mbunge, na akaendelea kusema kwamba ardhi na mali haziwezi kubaki kwa wachache eti kwa sababu wachache hao sasa ni weusi. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi nyumbani kwake Westlands, ndani ya gari, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 37. Mtu mmoja, Kisilu Mutua, alifungwa miaka 36 huku akisema hana hatia, akaachiliwa 2001. Waliopanga? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake 2013 na kusema mauaji yale yalikuwa ya kisiasa. Nani amewahi kushtakiwa kwa kuyapanga?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo ni bajeti. Nchi hii ina pesa za shaba, za mawe na za sherehe ya Mashujaa kila tarehe 20 Oktoba. Sanamu inapendwa kwa sababu haimsumbui mtu: unaizindua, unapiga picha, unaenda chai. Kaburi lina tarehe mbili, na kwa Pinto hiyo ya pili ni kesi. Ukiwaleta watoto wa shule hapa, mmoja atanyoosha mkono aulize nani alimuua, na mwalimu ajibu nini?

Kuna mmoja aliyelielewa kaburi hili. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa Rais, aliyeacha cheo mwaka uleule alioteuliwa, 1966, angeweza kulazwa popote kwa heshima zote. Alitaka kuwa karibu na rafiki yake. Alifariki 1990 na amezikwa hapa City Park, kati ya sanamu za mawe za wasanii aliowapenda. (Hizo, nakubali, ni sanamu nzuri.) Na hata bustani yenyewe ilimegwamegwa na wanyakuzi kabla ya kutangazwa turathi ya taifa 2009. Wafu maskini na wafu mashujaa, wote wamelala juu ya ploti ambayo mtu fulani anaimezea mate.

Mimi sitaki Pinto ajengewe jumba. Nataka kibao kule barabarani chenye jina lake, nataka awe kwenye silabasi, na nataka lile geti kando ya Bunge lifunguliwe kwa wenye raba, ndio mtoto aone makaburi yote mawili siku moja na alinganishe mwenyewe.

Nikitoka, mama wa njugu aliniuliza kama nitarudi. Nikamwambia mwakani, tarehe iyo hiyo.

"Basi kuja na watu," akasema, "lakini uniambie mapema nikaange za kutosha."