Mpunga Usiokimbilia Juu

Mpunga uliofunikwa na maji haufi kwa kulowa. Unakosa pumzi, na kwa sehemu kubwa unajimaliza wenyewe. Oksijeni hupenya kwenye maji kwa kasi ndogo kuliko hewani, pungufu mara 10,000 hivi. Wakati huohuo ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi zilizovundikwa, inashindwa kutoka, inajaa ndani ya mche. Ikijaa, homoni ya jibereli inapata nguvu, na mche unarefuka kwa pupa kuitafuta hewa. Sukari yote inaishia kwenye urefu. Maji yakipungua, mkulima anakuta majani membamba yamelala topeni, akiba imekwisha.

Kuna mpunga usiofanya hivyo. FR13A, mbegu yenye asili ya Odisha, India, ina jeni iliyotambuliwa mwaka 2006 na kuitwa Sub1A. Ethilini huiamsha jeni hii, nayo huibana jibereli. Mche unatulia, unatunza sukari yake, unavumilia hadi wiki mbili chini ya maji, kisha unachipua upya. Watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, waliihamishia kwenye Swarna, mpunga ambao wakulima wa India walikuwa wakiupenda tayari, na mwaka 2009 Swarna-Sub1 ikaruhusiwa mashambani. Ilipatikana kwa kupandanisha mimea kizazi hadi kizazi. Wenye hofu ya GMO hapa hawana la kugombania.

Si dawa ya kila mafuriko. Maji yakikaa mwezi mzima, Sub1A nayo inashindwa. Wala haiokoi shamba linalozama likiwa kwenye maua: uchavushaji unaharibika, punje hazijai, mkulima anavuna mapepe. Mbegu iliyomwagwa shambani ikafunikwa na maji kabla ya kuota ni kesi nyingine tena, yenye jeni nyingine.

Lakini maji ya siku saba au kumi nayo hutia watu njaa, na kwa hayo jawabu lipo tangu zamani. Somo la Swarna ni kwamba jeni iliwafuata wakulima kwenye mbegu yao. Mkulima wa Kilombero, hapa Tanzania, hataiacha Supa yenye harufu, wala SARO 5 inayomjazia magunia, eti kwa sababu mbegu ngeni inajua kuzama. Jeni iletwe kwenye Supa na SARO.

Kwa hiyo, kabla ya masika yajayo, Wizara ya Kilimo itueleze hadharani: kazi hii imefika wapi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ifakara, ni mbegu zipi zimepita kwa TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, lini ASA, wakala wa mbegu wa serikali, itazifikisha kwenye maduka ya pembejeo ya Ifakara na Utete, na kilo moja itauzwa shilingi ngapi.