Tusikilize Kitu Kizima, Si Desa Lake

Juzi usiku umeme ulikatika hosteli. Laptopu yangu ilikuwa bado na chaji, basi nikavaa hedifoni, nikajilaza, nikasikiliza muziki. Mwenzangu wa chumbani alisubiri nimalize ili aazime laptopu. Baada ya kama nusu saa akaniuliza, "Kaka, huo wimbo unaisha saa ngapi?" Nikamjibu bado saa mbili na nusu. Alicheka sana. "Sasa si upo ule mfupi? Kwa nini unajitesa?"

Upo kweli. Na swali lake limenikaa kichwani mpaka nimeamua kuliandikia.

Nilichokuwa nasikiliza ni muziki wa filamu ya The Fellowship of the Ring, ya kwanza kati ya zile tatu za The Lord of the Rings alizoongoza Peter Jackson kutokana na kitabu cha J.R.R. Tolkien. Mtunzi wake ni Howard Shore, Mkanada. Filamu ilipotoka mwishoni mwa 2001, muziki wake ulitoka kwenye CD moja ya dakika kama 71. Mwaka 2002 muziki huo ukashinda tuzo ya Oscar, na watu wengi duniani wakaujua kupitia hiyo CD moja. Kumbe filamu yenyewe ilikuwa na muziki mwingi zaidi ya mara mbili ya huo.

Desemba 2005 ukatoka mzigo wenyewe: The Complete Recordings, CD tatu, takriban saa tatu za muziki kwa mpangilio wa filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2006 ikafuata ya filamu ya pili, CD tatu tena. Mwaka 2007 ikaja ya filamu ya tatu, CD nne. Ukizijumlisha zote unapata karibu saa 10 za okestra na kwaya.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba huo ni ujanja wa kuwauzia mashabiki kitu kile kile mara mbili. Biashara ilikuwemo, sikatai. Hakuna kampuni ya muziki inayofanya kazi ya sadaka. Lakini mimi nasema kuutoa muziki ule mzima kulikuwa jambo la haki kwa kazi yenyewe, na kuna somo humo linalotuhusu sisi wa chuo moja kwa moja.

Kwanza tujue kwa nini muziki wa filamu hukatwa. Wengi tunadhani mtunzi anakaa, anachagua yaliyo bora, anatupa yaliyo hafifu. Mara nyingi ni hesabu tu. Enzi za santuri, sahani moja ilibeba kama dakika 40, pande zote mbili. CD nayo ina mwisho wake, chini kidogo ya dakika 80. Tena kule Marekani, kwa taratibu za chama cha wanamuziki, muziki uliorekodiwa kwa ajili ya filamu ukitolewa kama albamu, wapigaji wa okestra wanastahili malipo mengine, na kadiri albamu inavyokuwa ndefu ndivyo malipo yanavyopanda. Wapigaji kulipwa ni haki yao kabisa. Ila matokeo yake ni kwamba miaka ya 1980 na 1990 zilitoka albamu nyingi za filamu zenye dakika 30 tu, kwa sababu aliyezitoa hakutaka kulipia zaidi. Kwa hiyo msikilizaji alipodhani amesikia kazi, alikuwa amesikia bajeti.

Sasa tuone kinachopotea. Shore hakuandika nyimbo zilizotengana. Aliandika tuni kadhaa, nyingi sana, kila moja ikiwa na mwenyewe: watu wa Shire wana yao ya filimbi na fidla, Pete ina yake, Isengard, kiwanda cha vita, ina yake ya mapigo matano badala ya manne tuliyozoea, ikiwa na vyuma vinavyogongwa kama karakana. Tuni hizi zinakua, zinaumia, zinakutana, zinabadilika kadiri hadithi inavyokwenda.

Chukua tuni ya ule Ushirika wa watu tisa. Wengi tunaifahamu pale inapolia kwa tarumbeta zote, mashujaa wakipita mmoja mmoja kwenye miamba ya mlima. Ni sehemu tamu, ndiyo maana kila mtu anaikumbuka. Lakini tuni hiyo haikuzaliwa pale. Inaanza kama vipande vidogo tu, noti chache, Frodo na Sam wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kwao. Wakiongezeka wenzao, nayo inaongezeka. Inakamilika kwenye baraza la Elrond, walipotimia tisa. Halafu Gandalf anapoanguka kule Moria, tuni inavunjika nao. Mtu aliyesikia kilele peke yake amesikia sherehe tu. Hajui ilichukua muda gani kufika pale, wala hajui ilidumu kidogo kiasi gani.

Au chukua tuni ya Gondor. Katika filamu ya kwanza, Boromir anasimama barazani kuzungumzia nchi yake, na nyuma ya maneno yake inapita tuni moja kwa upole. Wewe mtazamaji huijui Gondor, hujaiona, na pengine hata hukuisikia tuni. Inapita. Inabidi ufike filamu ya tatu, Gandalf akipanda farasi kuelekea juu ya mji wa Minas Tirith, ndipo tuni ile ile inalipuka kwa vyombo vyote. Mwaka 2001 mtunzi alitupa mbegu, mwaka 2003 akavuna. Mwenye vilele peke yake atasema "muziki mzuri". Mwenye kazi nzima atamkumbuka Boromir, ambaye wakati huo ameshakufa na hakuurudia mji wake.

Hapo ndipo ninapomjibu mwenzangu wa chumbani, na hapo ndipo inapokuja habari ya madesa.

Sote tunayajua madesa. Kitabu cha kurasa 200 kinakuja kurasa nane, zimepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na wiki moja kabla ya mtihani zinauzwa kuliko chipsi. Sijifanyi mtakatifu. Mwaka wa kwanza nilisoma Kusadikika ya Shaaban Robert kwa desa. Lilisema, kwa sentensi moja, kwamba Karama anasimulia mahakamani habari za wajumbe sita waliotumwa kwa manufaa ya nchi na wakaishia gerezani. Nikakariri majina, nikaingia semina nimetulia. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Kwa nini sita? Mjumbe mmoja asingetosha?"

Kimya. Darasa zima tulikuwa na desa moja.

Nilikisoma kitabu baadaye, kwa aibu zaidi kuliko kwa bidii. Mjumbe wa kwanza anarudi na mema, anatupwa gerezani, unasikitika. Wa pili, vile vile. Ukifika wa tatu unaanza kujua yatakayomkuta kabla hujafungua ukurasa. Ukifika wa sita umekasirika. Hasira hiyo ndiyo hoja ya Karama, na haiwezekani kuiweka kwenye sentensi moja kwa sababu imetengenezwa kwa kurudia. Desa halikunidanganya hata neno moja. Lilinipa yote isipokuwa kile kitu kitabu kiliandikiwa.

Muziki wa Shore unafanya kazi hivyo hivyo. Kurudi kwa tuni kuna maana kwa yule tu aliyekuwepo ilipopita mara ya kwanza.

Tuwe wakweli, upande wa pili nao una hoja, na nzito. Kwanza, ile CD ya 2001 haikuwa desa la mtu wa fotokopi. Shore mwenyewe alishiriki kuipanga, na ukiisikiliza inasimama kama kazi yenye mwanzo na mwisho wake. Pili, katika saa 10 zimo dakika nyingi ambazo okestra inashikilia noti moja ndefu huku wahusika wakizungumza. Bila picha, sehemu hizo zinachosha. Kuna jioni nimelala usingizi wa pono katikati ya kinamasi pamoja na Gollum. Tatu, seti zile zilipotoka zilikuwa ghali, na ziliponunuliwa zikaisha, bei mikononi mwa wauzaji ikapanda zaidi, mpaka zilipotolewa tena mwaka 2018. Kitu "kizima" kilikuwa cha mwenye nacho.

Hoja ya nne ndiyo inayonisumbua zaidi: hata hicho kizima si kizima. The Complete Recordings zinafuata filamu zile ndefu zilizotoka baadaye kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, na Shore aliongeza muziki kwa ajili ya urefu huo. Kwa hiyo baadhi ya yale tuliyosikia sinema hayapo vile vile. Yapo pia matoleo ya awali aliyoandika kisha yakaachwa. Baadhi yake yalikuja kusikika mwaka 2010 kwenye CD iliyofungwa pamoja na kitabu cha Doug Adams kuhusu muziki huo. Neno "kamili" hapo juu ya jalada lina mtu nyuma yake aliyeamua nini kihesabiwe.

Nakubali yote hayo, na bado sijabadili msimamo. Mtunzi anapopanga CD yake fupi, anatupa mlango wa kuingilia, na mlango ni kitu kizuri. Tatizo linaanza pale nyumba inapofungwa, ukabaki mlango peke yake. Kati ya 2001 na 2005 mtu aliyetaka kuisikia ile tuni ya Gondor barazani bila mazungumzo juu yake hakuwa na pa kwenda. Baada ya 2005 alikuwa na chaguo. Anayetaka dakika 71, zipo. Anayetaka saa tatu, zipo. Kuchosha kwa baadhi ya sehemu ni juu yangu mimi kuamua, si juu ya mtu mwingine kuniamulia kabla sijasikia. Hata zile noti ndefu za kinamasi zina kazi: ukizitoa, kilele kinachofuata kinakuwa kelele tu.

Halafu kuna wale waliofanya kazi. London Philharmonic Orchestra ilipiga sehemu kubwa ya muziki huu. Lakini sehemu za Moria zilianza kurekodiwa Wellington, New Zealand, na New Zealand Symphony Orchestra, kwa ajili ya kipande kilichoonyeshwa tamasha la Cannes mwaka 2001. Sauti zile nzito za wanaume unazosikia shimoni ni kwaya iliyokuwa na Wamaori na Wasamoa, wakiimba kwa lugha ya Vijeba aliyoibuni Tolkien. Watu wa Rohan wameimbiwa Kiingereza cha kale, na fidla ya Kinorwei inayoitwa Hardanger ndiyo sauti yao. Mtu alikaa akatafsiri mashairi mazima kwa lugha ambazo hakuna mtazamaji hata mmoja aliyetarajiwa kuzielewa. Unapokata zaidi ya nusu ya kazi ya namna hiyo, unakata siku za watu.

Jambo jingine lililonifurahisha: pamoja na seti hizo, Doug Adams aliandika maelezo marefu ya kila kipande, tuni ipi inaingia wapi na kwa nini, nayo yakawekwa mtandaoni bure. Huo nao ni muhtasari, ukipenda. Tofauti yake na desa ni kwamba umeandikwa ili ukusindikize kwenye kazi nzima, na ukiusoma bila kusikiliza muziki hauna faida yoyote. Madesa yetu yangeandikwa hivyo, nisingekuwa na ugomvi nayo.

Najua tunavyoishi. Bando linaisha, boom linachelewa, kazi tano zinatakiwa Ijumaa moja. Hakuna mwenye muda wa kila kitu kizima, na anayekuambia anao anakudanganya. Siombi msome kila kitabu wala msikilize saa 10. Naomba kitu kimoja. Muhula huu chagua kazi moja tu, kitabu, albamu au filamu, uimalize yote, pamoja na zile sehemu zinazochosha, mpaka mwisho. Moja tu. Kwa hizo nyingine tumia madesa kama sisi wote, lakini angalau utakuwa unajua kile ambacho desa halina.

Mwenzangu wa chumbani ameshaazima hedifoni mara mbili tangu siku ile. Ameanza na ile ya dakika 71. Jana aliniuliza kama kweli kuna tuni ya Boromir barazani, au nilitunga. Nikamwambia atafute mwenyewe. Ipo, ila inabidi asikilize mpaka afike.