Divisheni Wani na Bahati Nasibu

Nimekuwa kimya wiki mbili tatu hivi, mnisamehe. Mhariri alinituma mikoani, na mikoani mwandishi hurudi na habari mbili: ile aliyotumwa na ile aliyoikuta. Ile niliyotumwa imeshatoka gazetini. Hii ya leo ndiyo niliyoikuta, tena nyumbani kwa mjomba wangu mwenyewe, Masasi.

Binti yake alimaliza kidato cha sita mwaka jana. Matokeo yakatoka Julai: divisheni wani, mchepuo wa PCB. Kuku akachinjwa, majirani wakaja kumpa mzee mkono. Mmoja wao akamwambia, "Wewe sasa umeshamaliza kazi. Huyo serikali itamsomesha."

Jamani, nina ugomvi na sentensi hiyo.

Mwezi Agosti mjomba alinipigia simu. "Mjomba, wewe umesoma na unakaa huko kwa wakubwa. Niambie ukweli, pesa ya huyu mtoto ipo au haipo?" Na mimi, mwandishi wa habari mwenye digrii yangu, nikamjibu, "Tusubiri tuone, mjomba."

Mjomba hakuwa na nafasi ya kusubiri. Kulikuwa na sehemu ya ada ya kulipa, nauli, godoro, na pesa ya kula mpaka mambo yakae sawa. Akafanya kile ambacho kila mkulima wa korosho anajua ni kujichimbia shimo: akauza kangomba. Kwa ninyi wa Sinza na Mikocheni, kangomba ni kuuza korosho zako kwa mlanguzi kabla ya msimu, nje ya utaratibu, kwa bei anayopanga yeye. Serikali imeipiga marufuku, lakini njaa na ada hazisomi matangazo. Minada ilipoanza Oktoba, mjomba akaona wenzake wanauza kwa zaidi ya mara mbili ya bei aliyopata yeye.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Oktoba hiyohiyo majibu yakatoka. Ufadhili wa ufaulu alioahidiwa na kijiji kizima hakuupata. Lakini mkopo alipata, tena karibu wote. Maana yake korosho za mjomba ziliuzwa bure. Jibu lilikuwa "ndiyo", ila lilikuja baada ya mavuno kuondoka. Mdogo wake wa kidato cha pili, aliyekuwa akilipiwa hosteli, amerudi nyumbani na sasa anatembea kwa miguu kwenda shule na kurudi kila siku.

Kila tukikaa kujadili elimu ya juu tunabishana kuhusu kiasi: bajeti iongezwe, wanufaika waongezwe. Sawa. Lakini nani anazungumzia tarehe? Angalieni kalenda aliyonayo mzazi wa Kitanzania. Mei mtoto anafanya mtihani. Julai matokeo. Kati ya Juni na Agosti anaomba mkopo, akikimbizana na vyeti vya kuzaliwa na mihuri. Septemba majina ya udahili yanatoka, na aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja. Halafu ndipo Oktoba majina ya mikopo yanaanza kutoka, kwa awamu. Yaani mtoto anathibitisha chuo kwanza, kisha ndipo anaambiwa kama ana uwezo wa kukisoma. Hata sokoni Kariakoo unaruhusiwa kuuliza bei kabla ya kufungiwa mzigo!

Mwenye nazo hasumbuki na kalenda hii. Analipa, anamwacha mwanaye aende, pesa ya mkopo ikija ni nyongeza. Anayeumia kwa kutojua ni yule mwenye kitu kimoja tu cha kuuza. Huyo anauza mapema, na anayeuza mapema anauza kwa hasara. Kwa hiyo msiniambie kuchelewa kwa jibu ni suala la makaratasi tu. Ni kodi, na inalipwa na maskini peke yao.

Haya, tuje kwenye ufadhili wa ufaulu wenyewe. Mwaka 2022 ilianzishwa Samia Scholarship kwa wanaofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Nilifurahi na bado nafurahi. Ni ufadhili, siyo deni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtoto wa fundi baiskeli anaweza kusema kichwa chake ndicho kilichomlipia. Lakini orodha ya majina hutoka baada ya matokeo. Kabla ya hapo mwalimu wa shule ya kata hana la kumwambia mzazi zaidi ya "asome kwa bidii". Bidii mpaka wapi? Na aliyeongoza kwa HKL au HGL, yeye akili yake si akili? Nchi hii haihitaji wanasheria, walimu wa Kiswahili, wachumi? Mtoto huyo ufaulu wake hauna bei, anarudi kwenye foleni ya mkopo kama kila mtu.

Najua mtanijibu, "Pesa haitoshi, na mkopo si haki ya kila mtu." Historia naijua. Uchangiaji ulianza miaka ya tisini mwanzoni. Sheria ya Bodi ya Mikopo ilipitishwa 2004, Bodi ikaanza kazi 2005. Mwaka 2007 wanafunzi wa Mlimani waligoma wakipinga wazazi kuchangia asilimia 40, wakarudishwa makwao. Sidai turudi enzi za Mwalimu kulipiwa kila kitu. Ninachodai hakihitaji hata bilioni moja ya ziada: tuambiwe mapema.

Maana ikifika zamu ya kudai, uhakika upo. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Kweli, mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa, na tulishukuru. Lakini makato hayo hayasubiri awamu ya pili wala ya tatu. Mwezi ukiisha, slipu imeandikwa. Nchi inayojua kwa uhakika huo itamkata nani na kiasi gani, ishindwe kumwambia mkulima Agosti kama mwanaye atasomeshwa?

Mapendekezo yangu ni matatu. Moja, mtoto akaguliwe hali ya kipato akiwa kidato cha tano, siyo baada ya matokeo. Muda upo, miaka miwili mizima! Jibu la masharti liandikwe: ukifaulu kwa kiwango hiki, utapata hiki. Mbili, ufadhili wa ufaulu utangaze alama zake kabla ya mtihani, na uwe na nafasi hata chache kwa michepuo ya sanaa na biashara. Tatu, majina ya mkopo yatoke kabla ya tarehe ya mwisho ya kuthibitisha chuo.

Siku naondoka Masasi mjomba alinisindikiza hadi stendi. Nilijaribu kumwomba radhi kwa lile jibu langu la "tusubiri tuone". Akacheka. "Usijali, mjomba. Mtoto yuko chuo." Kisha akaniuliza, kwa sababu yule mdogo naye ana akili na mwaka ujao anaingia kidato cha tatu: "Na huyu je? Nianze kuweka akiba, au serikali itamsomesha?"

Nilipanda basi sina jibu. Safari hii hata "tusubiri" sikuweza kuitamka.